Mapumziko Jambiani: wageni wanavyodhani na hali ilivyo

"Jambiani hakuna cha kufanya, siku mbili tu utachoka." Wanaosema hivi mara nyingi walifika wakakuta maji yamekupwa, wakarudi chumbani kulala. Kijiji hiki cha wavuvi, kusini mashariki mwa Unguja, kina shughuli tangu alfajiri mpaka usiku, ila ratiba yake inafuata maji. Swali la kwanza la kumuuliza mwenyeji wako si chakula kitakuwa tayari saa ngapi, ni maji yanakupwa saa ngapi.

Dhana inayowakosesha wengi raha ni kwamba maji yakitoka, siku imeharibika. Ukweli ni kinyume chake. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na kupwa kwa mchana huangukia asubuhi, majira ya saa nne. Hapo ndipo kijiji kizima kinashuka pwani. Wanawake wanakwenda kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza pwani hii mwaka 1989: vigingi vimechomekwa mchangani, kamba zimetandazwa kati yake, na mwani umefungwa kipande kimoja kimoja. Wengine wanachokoa pweza mwambani. Wengine wanafukua makumbi ya nazi waliyoyafukia miezi mingi iliyopita, wayapige wapate usumba wa kusokotea kamba. Ukimwomba mwenyeji akuongoze, na ukamlipa kwa muda wake, utajifunza mengi kuliko kwenye ziara yoyote ya boti. Vaa viatu, maana miiba ya baharini haina huruma. Usikanyage kamba za mwani. Ni riziki ya mtu. Na ukiona maji yameanza kurudi, geuka hapo hapo, kwa sababu hujaa kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako.

Kuogelea je? Siku hizo hizo za bamvua maji hujaa jioni, kama saa kumi. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50, kwa hiyo mpango wa jana haufai kesho. Maji mafu yakiingia, yaani siku za katikati ya bamvua mbili, yanakupwa kidogo tu.

Wapo wanaoamini kuokota kombe au kumwinua kiti cha pweza apigwe picha hakumdhuru yeyote. Kiti cha pweza ni mnyama hai na hupumulia majini. Kumtoa nje, hata kwa picha moja, ni kumtesa, na anaweza kufa baadaye. Kombe tupu nalo ni nyumba ya kaa wasio na gamba gumu mgongoni. Mimi naomba jambo moja tu: tazama, piga picha akiwa ndani ya maji, mwache alipo.

Kuhusu mavazi, kuna wanaodhani ufukwe wote ni wa hoteli. Jambiani ufukwe ndio njia ya kijiji: watoto wanapita wakienda chuoni kusoma Kurani, wazee wanaelekea msikitini. Nguo ya kuogelea ni ya kuogelea. Ukitoka majini jifunge kanga au kikoi. Na usimpige mtu picha kabla ya kumwamkia na kumwomba ruhusa.

Mwisho, wengi hukwepa msimu wa kusi, miezi ya upepo wa kusini katikati ya mwaka, wakihofia upepo huo. Ni kweli bahari ya nje huchafuka na ngalawa nyingine hazitoki, lakini mwamba huzuia mawimbi makubwa, na hewa ni ya baridi nzuri kwa kutembea. Tena Julai ndiyo wakati wa Mwaka Kogwa, sherehe ya jadi ya mwaka mpya, pale Makunduchi, mwendo mfupi wa gari kuelekea kusini: wanaume wanapigana kwa vikonyo vya migomba kumaliza kinyongo cha mwaka, kibanda cha makuti kinachomwa moto, na mgeni hukaribishwa kula.