Koki Ndani ya Bunduki ya Upepo

Wiki iliyopita niliitwa Nyali, hapa Mombasa, na mzee mmoja aliyerithi bunduki ya upepo ya babake. Cheti anacho, maana kwa sheria ya Kenya hata hiyo ya upepo ni silaha. Mimi sina yangu. Nilizizoea Birmingham, Uingereza, nilikofanya kazi ya kerezo kwa miaka 11 katika karakana iliyokuwa ikifufua bunduki kuukuu za namna hii. Mzee alikuwa na swali moja: "Fundi, hiki ni kitu cha maana, au naweka chuma tu ndani ya nyumba?"

Niliigeuza nikaona alama ya bunduki tatu zilizoegemezana. Wazee wengi wa mji huu wanaijua alama hiyo kwa baiskeli. BSA ni Birmingham Small Arms, kampuni iliyoundwa na mafundi wa bunduki mwaka 1861, na baiskeli zilifuata baadaye. Ya mzee ilikuwa Airsporter, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1948.

Ndani hamna baruti wala chupa ya gesi. Chini ya mtutu kuna wenzo uliofichwa kwenye mbao. Ukiuvuta, unairudisha pistoni nyuma ndani ya silinda na kuikandamiza springi mpaka kulabu iinase. Ukibonyeza triga, kulabu inaachia, pistoni inaruka mbele, hewa inabanwa na kupenya kwenye tundu dogo, nayo ndiyo inayosukuma kirisasi kisichofika gramu moja. Pistoni yenyewe haikigusi. Hewa ile ile ndiyo mto wa pistoni mwisho wa safari yake, na ndiyo sababu kufyatua bila kirisasi ndani ni kuiua bunduki taratibu: hewa inakimbia yote, chuma kinagonga chuma.

(Neno letu risasi ni jina la madini kwanza. Kirisasi cha bunduki hizi bado ni risasi hasa, laini, kiuno chembamba, na sketi yake ya nyuma inatanuka kwa hewa na kushika mifereji ya ndani ya mtutu.)

Kilichonifanya nikae kitako ni koki. Mtutu wa Airsporter haukunjwi, kwa hiyo kirisasi kinaingilia kwenye koki iliyolazwa kati ya silinda na mtutu, kijiti cha chuma chenye umbo la pia, kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, kilichotobolewa katikati, kama koki za shaba za mabomba ya zamani. Ukivuta wenzo inajifungua yenyewe. Unadondosha kirisasi, unaigeuza, tundu linakaa sambamba na mtutu.

Sasa fikiria kazi yake. Hewa iliyobanwa ghafla inapanda joto hadi mamia ya nyuzi, nayo inatafuta upenyo wowote. Kerezo itakupa umbo la koki, haitakupa mbano. Mbano ulitoka mkononi: unapaka unga wa msasa uliokorogwa na mafuta, unaitia koki kwenye tundu lake, unaizungusha nusu huku nusu kule, unaitoa, unafuta, unatazama. Palipong'aa hapajagusa. Unarudia mpaka rangi ya kijivu ienee kote bila doa. Koki iliyosuguliwa hivyo ni ya tundu lake peke yake. Itie kwenye bunduki nyingine ya aina hiyo hiyo na huenda ikavuja. Na kwa kuwa ina umbo hilo la pia, ikilika inazama zaidi kidogo na kukaza upya. Aliyeichora alijua chuma kitalika, akakiachia nafasi.

Kichwa cha pistoni nacho, katika bunduki nyingi za zamani, kilikuwa kikombe cha ngozi iliyoloweshwa mafuta. Siku hizi ni plastiki, na siichukii, inateleza vizuri. Lakini ikipasuka huna budi kuagiza nyingine ng'ambo. Cha ngozi, mshona makubadhi yeyote wa Mombasa angekielewa akikiona mara moja.

Wajerumani walishughulikia tatizo jingine. Bunduki ya springi inapiga bega mara mbili: pistoni ikiondoka, bunduki inarudi nyuma, na pistoni ikisimama, inavutwa mbele. Kampuni ya Diana ya mji wa Rastatt iliweka pistoni mbili zinazokimbia kupeana mgongo, zikiunganishwa kwa meno, ili teke la moja life kwa teke la nyingine. Kampuni nyingine, Feinwerkbau ya mji wa Oberndorf, iliuacha mtambo mzima uteleze juu ya reli. Ni werevu mkubwa, ingawa kwa kufungua na kufunga nitaichagua ya Birmingham.

Nikaomba kuivuta. Wenzo ulikuja mzito, bila kukwaruza, kulabu ikalia mara moja. Nikaurudisha taratibu bila kufyatua. Springi ikatoa mlio kama waya wa udi uliolegea. Inapobanwa, springi hujisokota, na kijiti cha katikati kikichakaa, inacheza. Hilo ni dogo. Kubwa lilikuwa harufu.

"Mzee wangu, umeitia mafuta gani?"

"Ya cherehani. Si kwa ajili ya kutu? Siku hizo ililia kama fataki, ikatoa moshi."

Ndivyo inavyokuwa. Mafuta mepesi yakifika mbele ya pistoni, joto la hewa linayawasha kama kwenye injini ya dizeli, na mripuko unairudisha pistoni nyuma kwa nguvu ambayo springi haikuandaliwa. Kichwa cha pistoni kinaharibika, springi inavunjika. Nikamwambia aipeleke kwa fundi mwenye leseni ikafunguliwe na kusafishwa, na asimruhusu mtu aitupe koki.

Hofu yake ya kutu lakini ilikuwa ya haki. Pwani yetu chumvi imo hewani, na jasho la kidole likilala usiku mmoja kwenye chuma kilichotiwa weusi, asubuhi unaona wekundu. Dawa ni kitambaa chenye mafuta kidogo, nje tu, kila baada ya kushikwa.

Nilipokuwa navaa viatu mlangoni, mzee alishakipata kitambaa, anafuta alama za vidole vyangu.