Muhasaba huanza asubuhi

Neno muhasaba sasa linabandikwa kwenye kila huzuni ya kidini. Mtu akilia kumi la mwisho la Ramadhani kwa kukumbuka madhambi yake, ataambiwa amefanya muhasaba. Mwaka ukigeuka, jumbe husambazwa zikihimiza muhasaba, na ndani yake hamna hesabu ya jambo hata moja. Wengine wamefika mbali zaidi: humkalisha mwenzao kitako, wakamsema mpaka akainamisha kichwa, kisha wakasema wamemfanyia muhasaba.

Maana yake ni fupi. Muhasaba ni mtu kuihesabu nafsi yake kwa matendo ya muda uliowekwa, akilinganisha yaliyotendwa na yaliyokubaliwa. Hapo penye "yaliyokubaliwa" ndipo watu wanapokosea.

Mzizi wa neno ni ule ule uliotupa hesabu na mhasibu. Umbo lake, kama mjadala na muamala, katika Kiarabu kwa kawaida huhitaji pande mbili: hakuna mjadala wa mtu mmoja. Kwa hiyo lazima tuulize upande wa pili ni nani. Imam Ghazali (1058–1111), mwanachuoni wa Kiislamu, amelijibu swali hilo katika kitabu cha 38 kati ya vile 40 vya Ihya Ulum al-Din, kazi yake kuu. Akili ni mwenye mali, nafsi ni mshirika aliyekabidhiwa mtaji aende sokoni. Mtaji ni faradhi, faida ni sunna, hasara ni maasi, na msimu wa biashara ni mchana wote. Mwenye mali hamwachi mshirika aondoke bila masharti, maana jioni atamdai nini?

Ndiyo sababu Ghazali haanzi na muhasaba. Ameziweka daraja sita, na muhasaba ni ya tatu. Ya kwanza ni musharata, kuiwekea nafsi masharti baada ya sala ya alfajiri, kabla shughuli hazijaanza. Masharti hupitia viungo saba: jicho, sikio, ulimi, tumbo, utupu, mkono na mguu. Yawe mahususi. "Leo nitakuwa mwema" haihesabiki jioni. "Leo sitamtaja jirani kwa ubaya" inahesabika. Ya pili ni murakaba, kuichunga nafsi mchana inapotenda, hasa pale nia inapozaliwa. Kisha ndiyo muhasaba, mwisho wa siku. Baada yake huja kuiadhibu nafsi iliyovunja sharti, kuikaza kwa ibada ilipozembea, na mwisho kuisuta.

Tazama kusuta kulipowekwa. Ni daraja ya sita, na wengi wetu huanza nako. Nafsi inayosutwa kabla ya kuhesabiwa haina inachojibu, kwa kuwa haikutajiwa kosa wala sharti. Italia, itachoka, italala, na kesho itarudia yale yale.

Hesabu yenyewe ina mpangilio. Faradhi hutangulia. Iliyotekelezwa sawasawa, mtu humshukuru Mwenyezi Mungu. Iliyompita, huidai nafsi ilipe kadha, yaani kuitekeleza baada ya wakati wake. Iliyotekelezwa kwa upungufu, huzibwa kwa sunna. Maasi huja baada ya hapo, na adhabu yake hufuata kiungo kilichokosa: tumbo lililokula chenye shaka hutiwa njaa, jicho hunyimwa kutazama. Adhabu na iwe ndogo inayolipika kesho yake. Anayejitwisha funga za mwezi mzima kwa neno moja la kusengenya hulemewa, akaacha adhabu na hesabu pamoja. Kuahirisha nako huharibu. Ghazali anasimulia habari za Tawba bin al-Simma wa Raqqa, aliyehesabu miaka yake 60 akapata siku 21,500, akashtuka: ikiwa ni dhambi moja tu kwa siku, atakutana na Mola wake na dhambi 21,500? Akaanguka, akafa. Siku moja huhesabika kwa utulivu kabla ya kulala, maadamu mtu hajaanza kusinzia. Miaka 60 kwa mara moja haibebeki.

Na ule usemi "zihesabuni nafsi zenu kabla hamjahesabiwa", unaopelekwa huku na huko kama hadithi ya Mtume, umepokewa kuwa ni maneno ya Umar bin al-Khattab, khalifa wa pili. Hauhitaji kukwezwa ndipo uwe na uzito, na anayeunukuu afadhali amtaje mwenyewe.

Wanaomkalisha mwenzao kitako wanafanya nasaha, ikiwa ni kwa faragha na kwa upole. Nasaha ina adabu zake na jina lake. Na yule anayelia usiku wa manane asidhani anadharauliwa hapa. Alichonacho ni nadama, na imepokewa kutoka kwa Mtume kwamba kujuta ni toba. Aite nadama, ashukuru kwamba moyo wake bado unauma. Akitaka muhasaba pia, asubiri adhana ya alfajiri, asali, kisha kabla hajainuka kwenye mswala aiwekee nafsi yake sharti moja ambalo usiku ataweza kuliuliza.