Maoni ya wananchi katika kubuni bustani ya mji: maana yake, na wakati yanapohesabika

Kwenye kazi ya bustani na viwanja vya wazi vya mjini, maoni ya wananchi ni taarifa na maamuzi ya watu watakaoitumia bustani hiyo, yanayochukuliwa wakati mchoro bado unabadilika na bei hazijaingia kwenye mkataba. Uzito uko kwenye huo wakati. Mkutano ulioitishwa baada ya mkandarasi kusaini unaweza kuwa na watu mia mbili, spika mbili na maji ya chupa kwa kila mmoja, na bado usiwe wa kuchukua maoni. Huo ni wa kutangaza habari.

Tanzania jambo hili huitwa ushirikishwaji wa wananchi, Kenya ushiriki wa umma. Si hisani ya mwenye mradi. Ibara ya 10 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inautaja ushiriki wa watu kati ya maadili ya taifa, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inataka umma ushiriki katika tathmini ya athari kwa mazingira. Ila sheria haikuambii ukae na nani, saa ngapi, wala umwonyeshe nini, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika.

Kipimo cha ushirikishwaji kinachotumiwa sana ni cha Sherry Arnstein wa Marekani, ambaye mwaka 1969 alichora ngazi ya vidato vinane. Viwili vya chini ni vya kuwahadaa watu na kuwapoza. Vitatu vya kati ni kuwapa taarifa, kuwauliza, na kuwaridhisha kwa viti vichache kwenye kamati. Vitatu vya juu ni ubia, kukabidhiwa madaraka, na wananchi wenyewe kushika hatamu. Bustani haihitaji kufika kidato cha nane ili iwe nzuri. Kinachotakiwa ni mwenye mradi aseme wazi yuko kidato gani. Ukiwaambia watu "mtaamua" kumbe unawauliza tu, safari ijayo hawaji.

Sasa twende kwenye ratiba. Mradi hupita upimaji wa kiwanja, mchoro wa awali, mchoro wa kina, mchanganuo wa vifaa na gharama ambao ofisini na saiti huitwa BOQ, kisha zabuni, kisha ujenzi. Maoni kuhusu nani analitumia eneo na kwa shughuli gani yachukuliwe kabla ya mchoro wa awali. Ya mpangilio, yaani njia zipite wapi, vivuli wapi, choo wapi, mara tu mchoro huo unapotoka. Ya vifaa, kabla BOQ haijafungwa. Ikishafungwa, kubadilisha aina moja ya kigae ni barua, ni kikao, ni nyongeza ya bei, na mkandarasi ana haki ya kuidai.

Kabla ya kuuliza swali lolote, hesabu watu. Kaa eneoni saa kumi na mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku, siku moja ya kazi, Ijumaa na Jumapili. Andika wangapi wanapita, wangapi wamekaa, wamekaa juu ya nini, na kivuli kiko wapi. Utamkuta mama lishe aliyejibanza upande wa mashariki wa mti kwa sababu jua la alasiri linatoka upande wa pili, watoto wa madrasa wanaokata kiwanja kwa mshazari, bodaboda waliokaa juu ya karavati. Ile njia ya mkato iliyoua nyasi ni maoni tayari, tena ya kweli kuliko mengi utakayoyasikia mkutanoni. Mchoro ukiifuta, watu wataikanyaga upya juu ya maua yako.

Mkutano wa hadhara wa saa nne asubuhi siku ya kazi huleta wastaafu, wajumbe na wanaosubiri posho. Una kazi yake, ambayo ni kuutangaza mradi na kuupa uhalali, lakini usiutegemee kwa usanifu. Kwa usanifu, kaa na vikundi vidogo vya watu 8 hadi 12, kila kundi peke yake: wanawake, vijana wa mpira, wafanyabiashara wadogo wa eneo hilo, wenye ulemavu, wazee, watoto. Akina mama wafuate saa wanayopumua, si saa inayoifaa ofisi. Ukiwachanganya wote, suala la choo cha wanawake na lile la vijana wanaovuta bangi kona ya nyuma hayatatajwa kabisa.

Swali nalo lina namna yake. "Mnataka nini?" huleta orodha ya harusi: bwawa la kuogelea, intaneti ya bure, jukwaa la muziki. Uliza "hapa mnafanya nini sasa hivi, na nini kinawazuia kukifanya vizuri?" Majibu yatakuwa ya kazi: jua, matope, giza, hakuna pa kumbadilishia mtoto nepi, maji ya mvua hutuama wiki nzima pale kati. Kila jibu la namna hiyo mhandisi anaweza kulichora.

Ramani ya kukaa nayo mezani ichapwe kwa kipimo cha 1:100, ili mita moja iwe sentimita moja. Kiwanja cha mita 40 kwa 60 kinatosha kwenye karatasi ya sentimita 40 kwa 60, na vipande vya karatasi ngumu vilivyokatwa kwa kipimo hichohicho (benchi, mti wenye kivuli cha mita 8, choo, uwanja mdogo) watu huvisogeza kwa mkono. Kwa vijana kuna njia nyingine. UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, na kampuni ya Mojang walianza mwaka 2012 kutumia Minecraft, mchezo wa kompyuta wa kujenga kwa vitofali, kwa kazi hii, na jaribio la kwanza lilikuwa la uwanja wa michezo wa Silanga, Kibera. Lakini kuna watu wengi, wasomi wakiwemo, wasioweza kusoma ramani. Dawa yake ni chokaa. Chukua mfuko wa chokaa, kamba na vigingi, uchore njia na mabenchi chini, palepale uwanjani, kwa ukubwa wake halisi. Mwenye kiti cha magurudumu apite. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani apite. Njia ya mita 1.2 ambayo kwenye karatasi ilionekana pana, watu wawili wakipishana wataona wenyewe kwamba haitoshi. Viti viwili vya magurudumu kupishana vinahitaji mita 1.8. Kufuta chokaa ni bure.

Vifaa ndiko maoni yanakopotoka zaidi, kwa sababu watu huonyeshwa picha. Kwenye picha kila mtu huchagua kigae kinachong'aa. Kigae hicho kikilowa ni barafu, na msimu wa masika kitamwangusha mzee wa kwanza atakayepita na kandambili. Badala ya picha, tandika vipande halisi vya mita moja kwa moja: pavingi (kabro, kwa Wakenya), zege iliyopigwa ufagio, terazo, jiwe la kuchonga, changarawe iliyoshindiliwa. Viache nje wiki mbili. Mwagia maji, watu wapite peku na kwa viatu. Saa nane mchana waweke kiganja. Sukuma toroli la miwa juu yake. Kisha andika bei ya kila mita ya mraba kwenye kibao pembeni, na chini ya bei uandike nani atakitengeneza kikiharibika. Pavingi ikizama, fundi wa mtaani huing'oa, huongeza mchanga na kuirudisha. Zege ikipasuka inabaki na kiraka. Ndiyo maana watu wakishaelezwa haya mara nyingi huishia kwenye pavingi, na ni chaguo la akili. Ya unene wa milimita 60 inatosha kwa waendao kwa miguu, lakini gari la taka au la kunyonya maji machafu likipita inatakiwa ya 80 na msingi mzito zaidi. Swali la "gari gani huwa linaingia hapa?" lina thamani kuliko la "mnapenda rangi gani?"

Kwa uchaguzi unaogusa bajeti, tumia maharage. Bajeti nzima iwe punje 100, kila kitu kiwe na bei yake kwa punje kulingana na makadirio ya kweli, na kila kundi ligawe lenyewe. Ubishi huanza papo hapo: taa mbili zaidi au choo cha tatu? Ubishi huo ndio maoni. Uandike neno kwa neno, kwa sababu sababu walizotoa zitakusaidia baadaye bei zikipanda na ukalazimika kupunguza kitu.

Miti nayo ijadiliwe kama vifaa vingine. Miashoki hupendwa kwa sababu imenyooka na haimchokozi jirani, lakini kivuli chake hakimfuniki hata mtu mmoja. Mkungu una kivuli kipana cha matabaka, ila hupukutisha majani makubwa kwa mkupuo na matunda yake huita popo, kwa hiyo usiwe juu ya meza za chakula. Mwembe ni mzuri mpaka msimu wa embe, mawe yanapoanza kuruka. Na pwani, chuma kitupu hakikai, chumvi hukila. Hata kisicholiwa na chumvi hufuatwa na wauza vyuma chakavu, kuanzia na mifuniko ya mitaro. Wakazi wanalijua hili kuliko msanifu aliyetoka mbali, na wakikwambia "hicho hakitamaliza mwezi", waamini: weka mfuniko wa zege.

Si kila kitu hupigiwa kura. Chini ya bembea watu wataomba sementi kwa sababu ni safi, na mchanga wataukataa kwa sababu ya paka wanaojisaidia humo. Hoja ya paka ni ya kweli, lakini fuvu la mtoto halina mjadala. Viwango vya Ulaya hutaka mchanga wa chembe za milimita 0.2 hadi 2, kina cha sentimita 20 kwa anguko la hadi mita 2 na sentimita 30 kwa mita 3, pamoja na sentimita 10 za ziada kwa ule unaotawanywa na miguu. Unachoweza kuwapa wachague ni mbadala ulio salama, kama changarawe ndogo ya mviringo ya milimita 2 hadi 8 kwa kina hichohicho. Yasiyo na mjadala yasemwe mwanzoni kabisa, yasije yakaonekana baadaye kuwa ujanja.

Jambo linalozusha ugomvi karibu kila mahali ni uzio. Wakazi huomba ukuta mrefu kwa ajili ya usalama, kumbe ukuta mrefu humficha mwizi ndani. Suluhisho la pwani lilikuwepo kabla ya wasanifu: baraza. Ukuta wa sentimita 45 kuzunguka bustani huzuia magari, hukalisha watu, na waliokaa ndio walinzi. Ugumu unabaki kwenye milango. Kiti cha magurudumu kinataka upenyo wa karibu sentimita 90, na bodaboda hupita hapohapo bila shida. Hakuna upenyo wa kumruhusu mmoja na kumzuia mwingine. Kinachosaidia ni kona mbili za kupindapinda zenye nafasi ya mita 1.5 ya kugeuza kiti, ambazo bodaboda huziona usumbufu. Zichoreni kwa chokaa kwanza.

Mfano unaotajwa sana ni bustani ya Superkilen, iliyoko mtaa wa Nørrebro jijini Copenhagen, Denmark, iliyofunguliwa mwaka 2012 na kubuniwa na kampuni za usanifu za BIG na Topotek 1 pamoja na kikundi cha wasanii cha Superflex. Wakazi wenye asili ya nchi zaidi ya 50 walipendekeza vitu vya kuwekwa, na vikundi vitano vikasafirishwa kwenda kuvitafuta, vikiwemo vilivyokwenda Palestina kuchota udongo na Thailand kufuata ulingo wa ndondi. Kila kitu kina kibao chini kinachoeleza kilikotoka. Ni kazi ya kuvutia, lakini ipime kwa ngazi ya Arnstein: wakazi walichagua vitu, huku umbo la bustani na sehemu zake tatu, nyekundu, nyeusi na kijani, likibaki mikononi mwa wasanifu. Hilo si kosa likisemwa. Linganisha na viwanja vya Kibera vilivyojengwa na Kounkuey Design Initiative, shirika la usanifu lililoanzishwa mwaka 2006, ambako vikundi vya wakazi hushiriki tangu kuamua nini kijengwe hadi kukiendesha baada ya ujenzi.

Baada ya vikao linakuja jambo ambalo wengi hulikwepa: majibu. Karatasi ya mahudhurio yenye sahihi 87 inathibitisha kwamba watu 87 walikuja, si kwamba walikubali. Kinachotakiwa ni jedwali la safu nne: maoni yaliyotolewa, uamuzi, sababu, na mahali yanapoonekana kwenye mchoro. Kwa mfano: "Taa njia ya nyuma, imekubaliwa, wanawake hupita saa mbili usiku, nguzo ya 7 na ya 8." Au: "Bwawa la samaki, limekataliwa, hakuna wa kubadilisha maji, mbu." Libandikwe ofisi ya mtaa na gengeni ndani ya wiki mbili. Watu huvumilia kukataliwa wakipewa sababu. Ukimya ndio unaozaa maneno.

Na maoni hayakomi siku ya kukata utepe. Mikataba mingi ya ujenzi ina kipindi cha matazamio, mara nyingi miezi 6 hadi 12, ambapo mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama yake na sehemu ya fedha zake bado imeshikiliwa. Tarehe ya mwisho ya kipindi hicho iandikwe ubaoni pale bustanini. Mwezi mmoja kabla yake, kikundi cha watumiaji kizunguke na mhandisi, ikiwezekana kesho yake baada ya mvua kubwa, kikiweka alama ya rangi kila penye dimbwi, pavingi iliyozama, taa isiyowaka na mche uliokauka.