Medali ya vita si nishani ya ushujaa

Sanduku la bati la mzee aliyewahi kufanya kazi melini huwa na mambo. Utakuta filimbi, vifungo vya shaba, barua zilizoliwa na mende, na pengine kipande cha madini chenye kichwa cha mfalme, kimefungwa kwenye utepe uliochujuka. Muulize mjukuu yeyote pale Kirumba, hapa Mwanza, jibu analo tayari: "Babu alipewa na Mwingereza kwa ushujaa." Yawezekana. Ila ukikigeuza kile kipande, mara nyingi kinadai jambo dogo zaidi: kwamba babu alikuwepo.

Hapo ndipo penye maana ya medali ya vita. Hupewa kila aliyetumikia kwa muda uliowekwa, mahali palipotajwa: mpiga bunduki, mpishi, hata mchochea moto wa boila ambaye hakumwona adui. Nishani ya ushujaa ni kitu kingine. Hupewa mtu mmoja kwa tendo lake, na sababu huandikwa. Sisi tunayachanganya majina hayo kila siku, na si kosa kubwa, maana hata wachezaji wa mpira huvishwa medali. Shida huanza pale historia ya ukoo inapojengwa juu ya neno lisilo lenyewe.

Tuanze na Vita Kuu ya Kwanza, kwa kuwa ilipiganwa hapa hapa Ziwa Victoria. Meli za Waingereza, kama Winifred na Sybil, zilifungwa mizinga. Wajerumani walikuwa na kimeli chao kiitwacho Muansa. Sybil ilikwama ufukweni Majita Novemba 1914, na Mwanza yenyewe ikachukuliwa Julai 1916. Waliotumikia upande wa Uingereza na kustahili walipewa medali ya fedha yenye mtu aliyepanda farasi, na nyingine ya shaba nyeusi yenye malaika wa ushindi na utepe wa rangi za upinde wa mvua. Usiishie kutazama sura yake. Shika ukingo, uzungushe polepole kwenye mwanga. Humo zimegongwa herufi ndogo: namba, cheo, jina, kikosi. Mstari huo mmoja una thamani kuliko masimulizi ya jioni nzima.

Ndiyo maana nakereka nikiona mtu anaisugua kwa majivu au dawa ya meno ili ing'ae. Anaufuta ushahidi. Ile ya fedha ina adui mwingine, sonara: kwake ni uzito wa pete mbili tatu, basi.

Za Vita ya Pili ni ngumu zaidi. Vijana wa keya, yaani jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza (King's African Rifles), waliofika Burma walipata nyota ya shaba yenye ncha sita, na utepe wenye nyekundu katikati na buluu iliyokoza kila upande, iliyopitiwa na mstari wa rangi ya chungwa. Kulikuwa pia na medali ya jumla, ya simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Askari aliipata kwa utumishi wa siku 28 tu, na baharia wa meli za biashara kwa siku 28 baharini. Lakini safari hii Uingereza haikugonga majina. Nyota ikitenganishwa na karatasi zake haina mwenyewe. Inaweza kuwa ya babu, au ya mtu aliyeiweka rehani kwa babu akashindwa kuikomboa.

Kwa hiyo vile vikorokoro vingine sandukuni, ambavyo wakwe huvitupa wakati wa kufagia, ndivyo vinavyoifanya medali iongee. Kitabu cha malipo kina tarehe. Kifungo kina alama ya kikosi au ya kampuni ya meli. Picha ina sura, na nyuma yake wakati mwingine kuna jina la bandari.

Wazee walioupigania upande wa Mjerumani walilijua hilo vizuri. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai mishahara ambayo hawakulipwa tangu vita ile ya kwanza, na husimuliwa kwamba meza ya malipo iliwekwa hapa Mwanza. Wakaja wazee kama 350. Wachache walikuwa na cheti walichopewa mwaka 1918. Wengine walishika vipande vya sare kuukuu. Wengine mikono mitupu. Mlipaji, asijue amwamini nani, akampa kila mmoja fagio, akamwamrisha kwa Kijerumani ashike silaha. Hakuna mzee aliyekosea.