Unajua Ni Igizo. Sawa, Kisha?

Sisi tunaochunguza athari za televisheni tuna sentensi moja tunayoambiwa hadi masikio yanawasha: "Mimi hainiathiri, najua ni igizo tu." Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na mtu msomi, kwa utulivu wa hakimu anayefunga kesi. Kesi yenyewe hajaigusa. Hakuna mtafiti makini aliyewahi kudai kwamba watu wazima huamini maiti wa kwenye tamthilia amekufa kweli.

Ya kupita haraka kwanza. Nadharia ya ukuzaji, inayosema kwamba kutazama televisheni kwa miaka mingi hujenga polepole picha yetu ya dunia, si nadharia ya kuiga. Haisemi kwamba ukitazama ngumi utarusha ngumi. Huo ni ugomvi mwingine, una wenyewe, nami simo. Wala haihusu kipindi kimoja kibaya kilichokukosesha usingizi. George Gerbner, mzaliwa wa Budapest aliyefundisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kuhesabu kilichomo katika vipindi vya televisheni Marekani: nani yumo, nani hayumo, nani anapiga na nani anapigwa. Wanaume walikuwa takriban watatu kwa kila mwanamke mmoja. Wazee walikuwa haba. Polisi na wahalifu walijaa tele. Hoja yake ilikuwa kwamba ukivua majina ya vipindi, hadithi inabaki ile ile, na mtu aliyeisikiliza kwa miaka mingi ataanza kuikadiria dunia kwa vipimo vya hadithi hiyo.

Mwaka 1976 yeye na Larry Gross walichapisha matokeo yaliyoanzisha kelele zote. Maswali yao yalikuwa mepesi. Kati ya Wamarekani wenye ajira, wanaofanya kazi ya kulinda sheria na kupeleleza uhalifu ni asilimia 1 au 5? Uwezekano wako wa kukumbwa na tukio la vurugu katika wiki moja ni 1 kati ya 10 au 1 kati ya 100? Jibu kubwa ndilo "jibu la televisheni". Watazamaji sugu, wa saa 4 au zaidi kwa siku, walilichagua zaidi kuliko wale wa saa 2 au chini. Sugu hao pia walielekea zaidi kusema kwamba watu wengi si wa kuaminika. Baadaye Gerbner na wenzake waliiita hali hiyo dalili za dunia katili. Ukiangalia vizuri, kinachokuzwa hapo ni woga.

Sasa turudi kwenye "najua ni igizo". Unajua lini? Unajua pale unapotazama. Swali la idadi ya polisi au la hatari ya mtaani halikujii ukiwa umekaa mbele ya skrini. Linakujia siku nyingine kabisa, unapoamua kama mtoto arudi peke yake jioni, au kama mgeni aliyegonga mlango afunguliwe. Wakati huo akili haifungui daftari la takwimu, kwa kuwa hakuna mtu mwenye daftari hilo kichwani. Wanasaikolojia Tversky na Kahneman walieleza mwaka 1973 jinsi tunavyokadiria: tukio likitujia upesi, tunaamua kwamba ni la kawaida. Na jambo ulilolitazama kila jioni kwa miaka, lenye muziki na sura za watu, litakujia upesi kuliko lolote ulilowahi kusoma kwenye ripoti.

Mtafiti L. J. Shrum ndiye aliyeliweka hili mezani ipasavyo. Yeye na O'Guinn walipima kasi ya majibu, wakakuta watazamaji sugu hawatoi makadirio makubwa tu, bali wanayatoa haraka zaidi. Kisha, mwaka 1998, yeye na wenzake walifanya jaribio ambalo laiti kila msema "najua ni igizo" angelikaririshwa. Baadhi ya washiriki waliulizwa habari za utazamaji wao wa televisheni kabla ya kutoa makadirio. Wengine hawakukumbushwa kitu. Kwa wasiokumbushwa, tofauti kati ya watazamaji sugu na wengine ilijitokeza kama kawaida. Kwa waliokumbushwa, ikatoweka.

Soma tena hapo. Maarifa kwamba ni igizo walikuwa nayo wote, katika makundi yote. Yalisaidia pale tu yalipoitwa. Asipotokea mtu wa kuyaita, picha inajitokeza peke yake, bila lebo ya mahali ilikotoka. Na katika maisha hakuna mtafiti anayekusimamia mlangoni akuulize jana ulitazama saa ngapi kabla hujamwogopa aliyegonga.

(Ndiyo maana hasira hunipanda ninapoona dodoso linaloanza na maswali ya televisheni, halafu mwandishi wake anatangaza kwa furaha kwamba hakuona athari. Umeizima mwenyewe, ndugu yangu, ukurasa wa kwanza.)

Wapo wanaokwepa kwa mlango mwingine: "Mimi hutazama habari tu." Habari ni mbaya zaidi kwa jambo hili, maana hata ile kinga ya "ni igizo" haipo. Kila tukio ni la kweli. Kisicho cha kweli ni uwiano wake. Uhalifu wa kutumia nguvu Marekani ulishuka kwa karibu nusu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na bado katika kura nyingi za maoni za Gallup wengi walisema umeongezeka nchini kuliko mwaka uliotangulia. Wakiulizwa kuhusu eneo lao wenyewe, picha huwa nafuu. Mtaani wana macho yao. Nchi nzima wanaijua kwa kusimuliwa.

Mitazamo kama imani kwa watu ni kitu tofauti na makadirio ya idadi. Huelekea kujengwa palepale unapotazama, hasa ukizama kwenye hadithi, kwa hiyo kumkumbusha mtu chanzo baadaye hakusaidii sana. Ni mada pana, siiwezi leo.

Lakini nisijifanye kwamba nyumba yetu haivuji. Morgan na Shanahan walipokusanya tafiti za miaka 20 mwaka 1997, uhusiano wa wastani kati ya kutazama na makadirio au mitazamo ya watu ulikuwa takriban 0.09, kwenye kipimo ambacho 0 ni hakuna uhusiano na 1 ni uhusiano kamili. Uzidishe kwa wenyewe, ndivyo tunavyopata sehemu ya tofauti kati ya watu inayoelezwa na televisheni, uone: hata asilimia moja haifiki. Jibu letu la kawaida ni kwamba kidogo kinachowagusa mamilioni kila siku si kidogo. Nalisema na mimi, siku nyingine kwa imani kuliko siku nyingine. Kabla ya hapo, mwaka 1979, Doob na Macdonald walionyesha kule Toronto kwamba ukitilia maanani uhalifu wa mtaa anaoishi mtu, uhusiano kati ya televisheni na woga unafifia sana. Pengine mwenye woga ndiye anayejifungia ndani na kuwasha televisheni. Paul Hirsch naye alizichambua upya takwimu, akakuta wasiotazama kabisa mara nyingine wana woga kuliko wanaotazama kidogo, jambo ambalo nadharia haikulitarajia.

Gerbner alijibu kwa dhana mbili. Ya kwanza inasema utazamaji mwingi huyavuta makundi tofauti hadi yafanane mawazo. Ya pili, kwamba athari huzidi pale maisha ya mtu yanapofanana na skrini. Kila moja peke yake ina mantiki. Zikiwa pamoja zinanikera: tofauti ikipungua una maelezo, ikiongezeka una maelezo. Nadharia isiyoweza kushindwa hainipi raha hata kama naiamini.

Halafu kuna hizi saa zenyewe. Gerbner alipima saa kwa sababu wakati wake chaguo lilikuwa finyu, na watu walitazama kilichokuwepo. Leo mtu anaweza kumaliza msimu mzima wa wapelelezi kwa siku mbili, na jirani yake akatazama mapishi muda uleule. Kuwaita wote wawili watazamaji sugu ni uvivu. Ukipima aina ya vipindi badala ya saa, unapata usahihi na tatizo jipya kwa mpigo: sasa mtu anachagua, na anayechagua mauaji kila usiku huenda alikuja na woga wake kutoka kwingine. Tafiti za kuwafuata watu walewale kwa miaka zingesaidia kutenganisha hayo, ila ni ghali na washiriki hutoroka. Mimi kwa sasa nauliza yote mawili, saa na aina, na nayaweka mwisho kabisa wa dodoso.