Maumivu ya ukuaji: miguu inayomliza mtoto usiku na kupoa asubuhi

Maumivu ya ukuaji ni maumivu ya miguu yanayowapata watoto wenye afya njema, hasa kati ya miaka 3 na 12. Huanza jioni au usiku, huja na kuondoka, na asubuhi hayaachi dalili yoyote. Mtoto ameshinda akicheza kombolela hadi magharibi, akala, akalala. Saa tano usiku anaamka analia miguu. Ukimuuliza ni wapi, haoneshi mahali pamoja: anapitisha kiganja kwenye muundi, kwenye shavu la mguu, nyuma ya goti, kisha anahamia mguu wa pili. Unamchua, anasinzia. Kukicha huyo mbio, anawahi shule.

Huku kwetu Moshi na Arusha jibu la kwanza huwa ni baridi, hasa Juni na Julai: mtoto alikanyaga sakafu bila ndala, baridi imeingia kwenye mifupa. Jibu la pili ni kwamba mifupa inarefuka. Hilo la pili ndilo lililozaa jina lenyewe. Daktari wa Kifaransa, Marcel Duchamp, aliyaandika maumivu haya mwaka 1823 akiyahusisha na kukua, na tangu hapo jina limeganda.

Hesabu haimuungi mkono. Mtoto hukua kwa kasi kuliko wakati wowote katika mwaka wake wa kwanza, anapoongeza karibu sentimita 25, kisha tena anapobalehe. Kati ya miaka 4 na 9 huongeza sentimita tano au sita tu kwa mwaka, na huo ndio umri maumivu haya yanapovuma. Isitoshe, mfupa hurefukia karibu na ncha zake, kwenye viungo, ilhali mtoto huyu anashika katikati ya mguu, kwenye misuli. Sababu halisi haijathibitishwa. Kinachoonekana mara nyingi ni kwamba usiku mbaya hufuata siku ya kukimbia na kuruka sana, kwamba watoto hawa huhisi maumivu upesi kuliko wenzao, na kwamba mzazi mmoja naye aliwahi kulia hivyo hivyo utotoni. Muulize bibi yake, atakumbuka.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya eksirei inayothibitisha maumivu ya ukuaji. Daktari huyatambua kwa mwenendo wake: miguu yote miwili, usiku, asubuhi hamna kitu, na mtoto akipimwa mwili mzima yuko sawa. Ndiyo maana mzazi anapaswa kuujua mwenendo huo vizuri. Mtoto akitoka nje yake, usilifunike tatizo kwa jina hili.

Kuna jambo moja unaweza kulitazama mwenyewe hapo kitandani. Mwenye maumivu ya ukuaji anataka ushikwe mguu wake, anaunyoosha, anakuambia "hapo hapo, minya." Mwenye usaha kwenye mfupa au kwenye kiungo hataki hata shuka limguse. Anaukunja mguu, anautunza, na ukiukaribia anapiga kelele. Huyo, hasa akiwa na homa, hasubiri kupambazuke.

Wengine wa kuwahishwa ni hawa: anayeumwa mguu mmoja tu, na ni ule ule kila mara, anayechechemea au kuamka asubuhi amekakamaa, mwenye goti au kifundo kilichovimba, anayepauka, kukonda, au kutokwa na michubuko bila kugongwa mahali. Maumivu ya viungo yanayohama, leo goti, kesho kifundo, pamoja na homa wiki chache baada ya koo kuuma, huenda ni homa ya baridi yabisi. Hiyo huweza kuacha kovu kwenye moyo, kwa hiyo kuchua na kungoja si tiba yake.

Kuhusu baridi, wazee hawakukosea moja kwa moja. Yupo mtoto ambaye baridi humuumiza kweli kweli: mwenye selimundu (siko seli), ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu, na baridi, maambukizi au kukosa maji mwilini vinaweza kumwamshia maumivu makali ya mifupa. Tofauti ni kwamba hayaishi kukicha. Huweza kudumu siku nzima au siku kadhaa, na kwa wadogo chini ya miaka miwili dalili ya mwanzo mara nyingi ni viganja na nyayo kuvimba. Kipimo chake ni cha damu tu, na kama hakijawahi kufanyika kwa mtoto anayelia mifupa mara kwa mara, kiombe.

Halafu kuna suala la maji, ambalo linatuhusu sana sisi wa huku. Maji ya baadhi ya chemchemi na visima vinavyozunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na maeneo kama Maji ya Chai, karibu na Arusha, yamejulikana kwa miaka mingi kwa kukivuka mno. Meno ya kahawia kila mtu anayajua na watu huyatania. Mifupa haitaniwi: floraidi ikizidi kwa miaka, viungo hukakamaa na miguu ya mtoto hupinda, matege au magoti kugongana. Kuchemsha hakuitoi, maana maji yanapungua sufuriani na floraidi inabaki. Magadi yanayotiwa kwenye makande ili yaive upesi nayo yanaweza kuongeza. Kinachosaidia ni kubadili chanzo cha maji, kunywa maji ya mvua yaliyovunwa vizuri, au kuchuja kwa mkaa wa mifupa, njia iliyofanyiwa kazi miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Mtoto mwenye maumivu ya ukuaji miguu yake haipindi. Ikianza kupinda, tatizo ni jingine, liwe floraidi au ukosefu wa vitamini D na kalsiamu.

Kwa maumivu ya ukuaji yenyewe, matunzo ni mepesi. Mchue kwa mafuta yoyote uliyonayo, mkono ndio wenye kazi. Kitambaa kilichochovywa maji ya vuguvugu na kukamuliwa husaidia, na kuinyoosha misuli ya mapaja na mashavu ya miguu kabla ya kulala hupunguza usiku wa vilio. Akizidiwa, parasetamoli kwa uzito wake: mtoto wa kilo 20 hutosheka na nusu kidonge cha miligramu 500. Aspirini mtoto hapewi, na zile sindano za maumivu za dukani achana nazo. Usimkataze kucheza. Maumivu haya hayaharibu mguu, yanaweza kupotea miezi mizima yakarudi, na wengi huachana nayo kabla au mwanzoni mwa ujana.

Ukienda kituo cha afya, au hospitali ya Mawenzi (Moshi), au Mount Meru (Arusha) kabla ya kufikiria hospitali ya rufaa ya KCMC, fahamu kwamba mtoto atafika mchana akiwa anaruka kwenye benchi. Kwa hiyo nenda na vitu viwili: maelezo ya usiku wenyewe, yaani saa ngapi, mguu upi, maumivu yalidumu kiasi gani, na video fupi ya simu inayomwonesha akitembea peku mara tu anapoamka. Na umtajie daktari mnachota maji wapi.