Ushirikishwaji wa kijana aliyekinzana na sheria: maana yake hasa

Katika mafaili ya ustawi wa jamii, kijana aliyekamatwa kwa kosa haitwi mwizi wala mhalifu. Anaitwa mtoto aliyekinzana na sheria. Neno limechaguliwa kwa makusudi: linataja hali aliyomo leo, halimpachiki sifa ya kubaki nayo maisha. Hapa Zanzibar, Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na ndiyo iliyoweka Mahkama ya Watoto. Mtaani, huyo huyo wa miaka 16 ni kijana, na pengine ndiye anayetegemewa na wadogo zake. Yote mawili ni kweli, na anayefanya naye kazi ayashike yote mawili.

Ushirikishwaji, basi, ni nini? Wengi wanauchukua kuwa ni kuhudhuria: kijana kaja, kakaa, kasaini. Hilo ni hudhurio tu. Kashirikishwa pale neno lake linapobadilisha kitu katika uamuzi unaomhusu, kama vile siku ya kuripoti, kazi atakayofanya au mtu atakayemsimamia. Kipimo chake ni chepesi. Chukua mpango ulioandikwa wa kumsimamia, utafute mstari mmoja ambao usingekuwemo lau kijana asingesema. Ukiukosa, hakushirikishwa.

Jambo hili si hisani ya afisa wa ustawi wa jamii. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unampa mtoto katika kifungu cha 12 haki ya kusikilizwa katika shauri lolote linalomgusa. Kifungu cha 37 kinataka kumfungia iwe hatua ya mwisho na kwa muda mfupi iwezekanavyo, na cha 40 kinahimiza njia za nje ya mahkama pale zinapofaa. Mwaka 1992 mtafiti Roger Hart aliuchora ushiriki wa watoto kama ngazi ya vipandio nane. Vitatu vya chini, yaani kumtumia mtoto, kumfanya pambo na kumshirikisha kwa jina tu, hakuvihesabu kuwa ushiriki.

Kwetu sisi, ugumu mkubwa uko kwenye adabu. Mtoto aliyelelewa Unguja au Pemba hamkazii macho mtu mzima wala hambishii. Muulize, "Umefahamu?" atajibu, "Naam." Naam hiyo ni heshima, si makubaliano. Afisa anaandika "amekubali", na mwezi haujesha kijana kashavunja sharti ambalo tangu mwanzo halikumwingia. Kwa hiyo usimuulize kama kafahamu, mwambie akueleze: "Ukifika nyumbani, bibi yako akikuuliza umeambiwa nini, utamwambiaje?" Hapo utasikia mwenyewe kilichoingia na kilichopotea. Akinyamaza, mwache. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kuuliza tena. Kuinamisha kichwa si ukaidi, na kimya si kukiri kosa.

Mzazi naye ana nafasi yake, ila mara nyingi hujibu kwa niaba ya mtoto. Anza na wote pamoja kama dakika 10, kisha zungumza na kijana peke yake dakika 20 hadi 30, mahali mnapoonekana lakini hamsikiki, halafu mzazi arudi. Kabla hajarudi, muulize kijana lipi lisemwe mbele yake na lipi libaki. Mweleze mapema pia lile usiloweza kulificha: hatari ya kudhuriwa yeye au kumdhuru mwengine.

Chukua mfano wa mvulana wa miaka 15 huko Pemba, msimu wa karafuu, aliyechota pishi moja, yaani vibaba vinne, kutoka kwenye jamvi la jirani. Mpango ulioandikwa bila yeye husomeka vizuri: aripoti kituoni kila Jumatatu saa 4 asubuhi, aombe msamaha hadharani, alipe. Lakini Jumatatu saa 4 yuko skuli. Kufika kituoni ni kupanda gari mbili, na nauli hana. Msamaha wa barazani unamfedhehesha mpaka anatorokea kwa jamaa mjini Unguja, na faili linaandikwa kuwa hataki kusaidiwa. Angeulizwa, angeweza kusema kwamba jioni baada ya chuoni, yaani madrasa, ana nafasi, kwamba kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wao, anafika kwa miguu, na kwamba yuko tayari kumfanyia kazi mwenye karafuu Jumamosi mbili. Hapo afisa anaongeza la kwake: kazi iwe ya kuchambua chini, isiwe ya kupanda mkarafuu, maana watu huanguka na kuvunjika.

Masharti yasizidi matatu au manne, na kila moja liwe na siku, saa, mahali na mtu mzima anayejulikana. "Awe na tabia njema" si sharti, kwa sababu hakuna awezaye kulipima. Mtembelee ndani ya siku tatu za mwanzo. Sheha aambiwe siku na mahali. Habari za kosa zisizidi zile anazozihitaji. Shehia, eneo la sheha, ni ndogo, na jina likishafika barazani, baiskeli yoyote itakayopotea ataulizwa yeye kwanza.

Na atateleza. Mpango mzuri unasema tangu siku ya kwanza akikosa mara moja itakuwaje: akutane na nani, na nini kitarekebishwa. Usimtishie Chuo cha Mafunzo, jina tunaloliita gereza hapa Zanzibar, kila anapochelewa. Kijana anayeamini kwamba kila kosa mwisho wake ni kufungwa hatakwambia aliposhindwa, na asipokwambia huna la kurekebisha.

Kabla taarifa haijaenda mahkamani, msomee kwa sauti, kwa Kiswahili cha kawaida. Akisema "hapa sivyo", andika hapo hapo alivyosema kwa maneno yake, hata kama wewe unaona vyengine, na maoni yako uyaweke chini yake.